Mapadre Weupe na haki: ni wito wa tangu 1888, au ni neno lililokuja baadaye?

Katibu wa Kamati (Mpanda) ameuliza:

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Haki na Amani katika parokia moja ya huku kwetu, upande wa Ziwa Tanganyika, na nimepewa kazi ya kuandaa mada ya semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo itakayofanyika kabla ya Kwaresima. Mada yenyewe inahusu namna shirika la kimisionari linavyojifunga kutetea haki na amani. Kwa kuwa misheni za kwanza za ukanda huu zilianzishwa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu wanaendelea kuwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, niliona sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Tatizo lilianza nilipoisoma rasimu yangu mbele ya kamati. Nilikuwa nimeandika kwamba shirika hili lilizaliwa likitetea haki, nikataja kampeni ya mwanzilishi wake, Kardinali Lavigerie, dhidi ya biashara ya watumwa, kisha nikamweleza Adrian Atiman, ambaye habari zake zinajulikana sana Karema: mtoto aliyetekwa karibu na Timbuktu, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akaja Karema akiwa katekista na tabibu, akawatibu watu wa huku hadi alipofariki mwaka 1956. Kijana mmoja wa kamati alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza: kumnunua mtumwa ili umpe uhuru ni haki, au ni huruma inayoiacha biashara iendelee na hata kuiongezea mteja? Sikuwa na jibu. Kabla sijapumua, mzee mmoja akaongeza kwamba maneno haya ya haki na amani ni ya juzi tu, yameletwa na semina, na kwamba mapadre aliowajua yeye walisali, wakajenga shule na zahanati, wala hawakuingia katika siasa.

Ninaomba msaada wa wenye kuijua historia hii. Je, ni sahihi kusema kwamba kujifunga huku kutetea haki kulikuwapo tangu mwanzo, au tunawavika waasisi vazi lililoshonwa baadaye? Na kama kulikuwapo, kulionekana katika jambo gani ambalo si msaada wa kawaida kwa maskini?

Mwalimu Mstaafu (Tabora) amejibu:

Milele amina, ndugu Katibu.

Nianze na sahihisho dogo ambalo mwenye semina anapaswa kulijua kabla hajaulizwa. Wamisionari wa Afrika hawaweki nadhiri za kitawa kama Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Wao ni shirika la maisha ya kitume, na mwanashirika hula kiapo cha umisionari kinachomfunga na utume wa Afrika. Masista Weupe, walioanzishwa mwaka 1869, mwaka mmoja tu baada ya mapadre, ndio watawa kwa maana kamili ya neno. Silitaji jambo hili kwa ushupavu wa mwalimu wa zamani, ingawa maradhi hayo ninayo, bali kwa sababu kiapo kile pamoja na maagizo mawili ya Lavigerie, yaani wasikae pungufu ya watatu katika nyumba moja na kila mmoja ajifunze lugha ya watu anaokaa nao, vilimweka mmisionari mahali pa kuona na kusikia mambo ambayo mpita njia hayaoni.

Walichokiona kilikuwa kibaya. Msafara wa kwanza ulipita Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1878, na Padre Pascal, aliyekuwa akiliongoza kundi la Tanganyika, alifia njiani mwaka huohuo. Wenzake walifika Ujiji mwaka 1879. Ujiji ya wakati ule ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu. Mwanzoni walifanya kile alichokiuliza kijana wenu: walinunua watoto, wakawalea katika vituo vya misheni, wakawaozesha na kuwajengea vijiji katika ardhi ya misheni. Ninaona kijana huyo ana haki ya kuuliza, kwa kuwa hata wamisionari wenyewe walionja ubaya wa njia hiyo. Mwezi Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa Rumonge, katika Burundi ya leo, kutokana na ugomvi uliozuka juu ya mtoto waliyekuwa wamemkomboa. Mtu unayemnunua sokoni, hata kwa nia njema, anabaki akihesabiwa na waliomuuza kuwa kitu kinachoweza kudaiwa tena.

Ndiyo maana mimi huutenga mwaka 1888 na miaka iliyoutangulia. Tarehe 5 Mei mwaka huo Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka dhidi ya utumwa, na kutoka hapo Lavigerie, ambaye alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini na afya isiyo nzuri, akazunguka Ulaya akihubiri: kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris tarehe 1 Julai, ukumbi wa Prince's Hall jijini London tarehe 31 Julai, kisha kanisa la Mtakatifu Gudula jijini Brussels tarehe 15 Agosti. Alizungumza akitegemea sana barua na taarifa ambazo mapadre wake wa Ujiji, Karema, Kibanga na Bukumbi walikuwa wakimtumia. Hakuomba sadaka tu ya kununulia watoto wengine. Alidai serikali ziibane biashara yenyewe, na mkutano wa mataifa uliokaa Brussels kuanzia Novemba 1889 ulimalizika Julai 1890 kwa mkataba uliogusa biashara ya watumwa pamoja na silaha na pombe zilizokuwa zikiingizwa Afrika.

Kwa hiyo mwambie kijana kwamba ana haki kuhusu soko la Ujiji, lakini asiishie pale. Kutoka kumnunua mtoto mmoja mpaka kuidai sheria inayomzuia muuzaji ni hatua ndefu, nao waliipiga katika miaka kumi.

Mwana wa Pangani amejibu:

Assalaam alaykum, na heshima zangu kwa Mwalimu.

Mimi si Mkatoliki, ila mada hii inapita mlangoni kwangu, kwa hiyo mniwie radhi nikiingia bila kualikwa. Mwaka 1888 anaousifu Mwalimu ni mwaka ambao sisi watu wa Mrima tunaukumbuka kwa jambo jingine. Mwezi Agosti mwaka huo, siku chache baada ya mahubiri ya London na katika mwezi uleule wa mahubiri ya Brussels, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilikuja Pangani kutwaa mamlaka ya forodha na kupandisha bendera yake kwa mkataba iliofunga na Sultani Khalifa, na maofisa wake walitudharau kiasi cha kuingia msikitini na mbwa. Watu wakasimama, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huku kwetu na Bwana Heri kule Sadani, na waliosimama nao hawakuwa wafanyabiashara wa watumwa peke yao: walikuwamo wapagazi, mafundi, wakulima na watumwa wenyewe.

Sasa tazameni namna maneno ya padre yanavyoweza kubebwa na askari. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za bunge ili aipige pwani, na chama cha Wakatoliki wa Ujerumani, Zentrum, hakikuwa na hamu ya makoloni. Kampeni dhidi ya utumwa ndiyo iliyolilainisha jambo. Tarehe 27 Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa wa kupinga utumwa jijini Köln, mwezi Desemba kiongozi wa chama hicho, Windthorst, akapeleka hoja bungeni, na Januari 1889 bunge likatoa marki milioni 2 kwa ajili ya safari ya kijeshi ya Wissmann, afisa aliyetumwa kuwapiga watu wa pwani. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Na baada ya vita vyote hivyo vilivyopiganwa kwa jina la kuwakomboa watumwa, utumwa ndani ya nchi Wajerumani hawakuufuta kabisa, maana sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Sisemi biashara ile ilikuwa uzushi. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza tunakaa mtaa mmoja na tunazikana. Wala sisemi kwamba Lavigerie ndiye aliyemtuma Wissmann. Ninachouliza ni nani aliyesikilizwa. Barua zilizofika Ulaya zilikuwa za mapadre, na katika masimulizi yale Mwarabu na Mswahili walikuwa mkono unaoshika mjeledi tu, hawakupewa nafasi ya kuwa watu wenye nchi yao. Lavigerie mwenyewe alitamani jeshi la kujitolea, na mwaka 1891 alianzisha huko Biskra, Algeria, kundi la mabruda wenye silaha wa Sahara, ambalo lilivunjwa mwaka uliofuata. Kwenu kule ziwani mlikuwa na Kapteni Joubert, mwanajeshi aliyezilinda misheni, na bunduki zake Mpala. Haki nimeiona katika habari hii. Amani ndiyo ninayoitafuta.

Mzee wa Parokia amejibu:

Nadhani mimi ndiye mzee anayesemwa na Katibu, au kama si mimi, basi tunafanana. Haya ya Pangani yanaithibitisha hoja yangu. Padre alipotoka katika altare na kwenda kusema na serikali, serikali ikayachukua maneno yake ikayafanya risasi. Mapadre tuliowajua sisi walikuja na pikipiki, wakatubatizia watoto, wakachimba visima, wakazikwa hapa. Siasa waachiwe wenye siasa.

Sista wa Kusini (Mtwara) amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Ninaomba unisikilize kwa uvumilivu, kwa sababu habari ninayotaka kuieleza ni ya mapadre hao hao uliowapenda, na wao pia walikuwa na pikipiki na visima.

Nilikua ng'ambo ya huku ya Ruvuma nikiwaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka na watoto mgongoni. Nchi ile ilikuwa katika vita vya ukombozi tangu Septemba 1964, na Kanisa lake lilikuwa limefungwa na mapatano ya mwaka 1940 kati ya Vatikano na Ureno. Kwa mapatano hayo misheni zilipata ruzuku ya serikali na zikakabidhiwa elimu ya Waafrika, lakini kwa malipo hayo serikali ya Lisbon ilizihesabu kuwa chombo chake cha kuwafanya watu wawe Wareno. Mapadre Weupe walikuwa wamealikwa huko na Askofu Soares de Resende wa Beira, mtu aliyethubutu kuandika kuhusu kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba. Baada ya kifo chake mwaka 1967 walizidi kujikuta peke yao. Walikuwa wanafundisha katekesimu katika vijiji ambavyo waumini wao walikamatwa na polisi wa siri, na walipowaomba maaskofu waseme wazi, wengi wa maaskofu wakanyamaza.

Mwezi Mei 1971 mkuu wa shirika, Padre Theo van Asten, alitangaza kwamba wote, kama arobaini hivi, wanaondoka Msumbiji. Hawakuwa wamefukuzwa wakati wanaamua. Serikali iliwafukuza kwa haraka baada ya kusikia uamuzi wao. Sababu waliyoitoa, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba kuwapo kwao kulikuwa kumeanza kusema uongo: mtu aliyeiona misheni ikifanya kazi kwa utulivu chini ya bendera ile alidhani Kanisa linaubariki utawala ule. Mzee wangu, walikuwa wanasali na kujenga zahanati, kama unavyotaka, na ndipo walipotambua kwamba kusali na kujenga zahanati huku umenyamaza mbele ya mateso kulikuwa kumehesabiwa na serikali kuwa ni kura yake. Hawakuingia katika siasa. Walikuwa ndani yake siku nyingi, wakatoka.

Ndugu Katibu, angalia tarehe. Sinodi ya Maaskofu iliyotamka kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya msingi ya kuihubiri Injili ilikutana Roma kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba 1971. Mapadre wale walikuwa wamekwisha kuondoka tangu miezi minne iliyotangulia. Kwa hiyo haikuwa semina iliyowaletea neno hilo.

Hata hivyo sitaki kuwasilisha habari hii kana kwamba kulikuwa na njia moja tu iliyo nyoofu. Wakristo waliobaki walilia, na wengine waliona wametelekezwa wakati wa hatari. Mapadre Wahispania wa shirika la Burgos waliamua kubaki, wawili wao wakafungwa mapema mwaka 1972, na ni kwa sababu shirika lao lilikuwapo kwamba mauaji ya Wiriyamu, karibu na Tete, ya Desemba 1972 yaliandikwa kwa majina ya waliouawa na kupelekwa nje kwa siri, mpaka Padre Adrian Hastings alipoyachapisha katika gazeti la The Times la London tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla ya waziri mkuu wa Ureno, Caetano, kuzuru Uingereza. Kama wote wangeondoka, nani angehesabu maiti za Wiriyamu? Na kama wote wangebaki wamenyamaza, nani angeamini kwamba Kanisa lina neno tofauti na la gavana? Mimi nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi katika maisha yangu ya utawa na sijaweza kuwahukumu wa upande wowote.

Jambo moja zaidi kutoka katika hati ile ya Sinodi ya 1971, kwa sababu husomwa kidogo. Inasema kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao, kisha inataja bila kificho mishahara na hifadhi ya wale wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao, walei wakiwamo. Kama utaiweka katika semina, jiandae kwa maswali.

Msomaji wa Bujumbura amejibu:

Salamu kutoka huku. Mwalimu amegusa Rumonge, nami nitagusa jirani zetu wa Rwanda, kwa sababu bila Rwanda mada hii itakuwa imeogeshwa kabla ya kupelekwa kwa wageni.

Askofu Léon Classe, Padre Mweupe aliyeliongoza Kanisa la Rwanda tangu mwaka 1922, aliwasihi Wabelgiji wautegemee uongozi wa Watutsi, akawaona ndio waliozaliwa kutawala, na aliunga mkono kuondolewa kwa mfalme, Mwami Musinga, mwaka 1931. Miaka chini ya thelathini baadaye askofu mwingine wa shirika hilohilo, André Perraudin wa Kabgayi, alitoa waraka wa Kwaresima tarehe 11 Februari 1959, akasema kwamba mali na mamlaka ya kisiasa na hata ya mahakama yamo kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watu wa asili moja, na kwamba hali hiyo haipatani na haki ya Kikristo. Mwezi Novemba mwaka huohuo nyumba za Watutsi zilichomwa moto, na makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika. Baadhi yao waliishi mtaa wetu.

Kuna wanaomtetea Perraudin mpaka leo, wakisema alieleza ukweli wa dhuluma iliyokuwapo na kwamba waraka wenyewe ulihimiza upendo na kukataza chuki; kichwa chake kilikuwa kwamba upendo uko juu ya yote. Ninawaelewa. Dhuluma ilikuwapo. Lakini yeye aliipa dhuluma hiyo jina la kabila, wakati wakulima wengi wa Kitutsi walikuwa maskini sawa na jirani zao, na shirika lililokuwa limesaidia kuligandisha jina hilo kwa miaka thelathini lilikuwa lilelile lililolitumia sasa kudai haki. Mwana wa Pangani ameuliza nani alisikilizwa. Mimi ningeongeza: anayedai haki anawaita watu kwa jina gani? Kamati za huku kwetu zinapokaa kusuluhisha migogoro ya ardhi ya waliorudi kutoka kambini, kazi ya kwanza ya msuluhishi ni kuhakikisha kwamba mlalamikaji anamtaja jirani yake aliyechukua shamba, hamtaji kabila lake.

Mwana wa Pangani amejibu tena:

Nashukuru kwa majibu, hasa ya Sista. Nimeambiwa niseme na lililo jema, nami ninalo moja.

Shirika hili hili lililokuwa na mabruda wenye bunduki Biskra lilikuja kuanzisha kituo cha masomo ya Kiarabu na Uislamu huko Tunis mwaka 1926, na mbegu yake ndiyo iliyozaa taasisi ya masomo hayo iliyohamia Roma mwaka 1964. Padre aliyejifunza Kiarabu ili amsome jirani yake si yule aliyejifunza ili amshinde. Halafu kuna Tizi Ouzou, mji wa Kabylia huko Algeria. Tarehe 27 Desemba 1994, wakati wa vita vya ndani vya Algeria, mapadre wanne wa shirika hili, Chevillard, Dieulangard, Deckers na Chessel, waliuawa kwa risasi katika ua wa nyumba yao. Walikuwa wameshauriwa mara nyingi waondoke, kama walivyoshauriwa wageni wote. Deckers hakuwa akikaa pale; alikuwa amekuja kutoka Algiers kumpongeza mwenzake Jean Chevillard kwa sikukuu ya somo wake, Mtakatifu Yohane. Waliowazika kwa maelfu walikuwa Waislamu wa Kabylia. Mwaka 2018 walitangazwa wenyeheri huko Oran pamoja na wengine kumi na watano, na ninakumbuka kwamba katika ibada ile walikumbukwa pia Waislamu wengi waliouawa katika miaka hiyo, wakiwamo maimamu waliokataa kuhalalisha mauaji.

Wale hawakuwa na bunge la kuhutubia wala askari wa kumtuma. Kwangu mimi hapo neno amani linasomeka. Msumbiji waliondoka, Algeria wakabaki, na nadhani Sista atakubali kwamba kipimo kilikuwa kimoja: kuwapo kwetu hapa kunamwambia nini mnyonge?

Mwalimu Mstaafu (Tabora) amejibu:

Nakubali nimepigwa pale Pangani, na sioni aibu kukubali. Nitaongeza tu la leo, ili Katibu aone pia linaonekana wapi siku hizi. Mwaka 1988, miaka mia moja kamili baada ya kampeni ya Lavigerie, mashirika ya kimisionari, Wamisionari wa Afrika wakiwamo, yalianzisha jijini Brussels mtandao wa imani na haki kati ya Afrika na Ulaya, ambao kazi yake ni kufuatilia sera za Umoja wa Ulaya zinazotuumiza huku: mikataba ya biashara, silaha, ardhi inayotwaliwa na makampuni. Ni kazi ya kusoma nyaraka na kugonga milango ya ofisi, haina picha nzuri ya kuweka katika kalenda ya shirika. Lakini tazameni tofauti na ile ya karne iliyotangulia: Lavigerie aliiomba Ulaya ije Afrika irekebishe mambo, hawa wanaiomba Ulaya ijirekebishe.

Katibu wa Kamati (Mpanda) amejibu:

Ninawashukuru nyote. Rasimu nimeichana.

Nimeamua nisianze tena na sentensi kwamba shirika lilizaliwa likitetea haki. Nitaanza na soko la Ujiji na swali la kijana, niende Brussels, kisha, kwa ruhusa ya Mwana wa Pangani, nitasoma maneno yake kama alivyoyaandika, ili washiriki wausikie mwaka 1888 kutoka pande mbili. Msumbiji nitaigawa katika makundi mawili: moja litetee kuondoka, jingine litetee kubaki, na nitampa mzee wetu nafasi ya kuwa mwenyekiti wa mjadala, kwa kuwa jana alinipigia simu akasema habari ya Sista imemnyima usingizi, ingawa bado hajakubali. Rwanda nitaitumia siku ya pili, tutakapofika katika migogoro ya wakulima na wafugaji ya vijiji vyetu, ambako na sisi tumezoea kutaja kabila kabla ya kutaja shamba lililolishwa.

Atiman anabaki, ila nitamweleza kwa namna nyingine. Nilikuwa ninamtaja kama mtoto aliyenunuliwa. Nitamtaja kama mtu mzima aliyefanya kazi Karema kwa zaidi ya miaka sitini, maana uhuru wake haukuishia siku aliyolipiwa.

Kuhusu hati ya Sinodi, nilimpelekea paroko kipande kile cha mishahara kabla sijakiweka katika ratiba. Alikisoma mara mbili, akaniuliza mlinzi wetu wa usiku ana mkataba wa maandishi au hana. Hana, wala mpishi wa nyumba ya mapadre hana, na michango yao ya hifadhi ya jamii haijawahi kupelekwa. Ameagiza jambo hilo liwe la kwanza katika kikao cha halmashauri ya walei cha Jumapili hii, kabla ya semina, nami ndiye nitakayeandika muhtasari.

Kama kuna mwenye nakala ya mkataba wa ajira unaotumiwa na parokia nyingine, naomba anitumie kabla ya Ijumaa.